Barua Kutoka Jikoni Kwenda Sebuleni

Asubuhi hiyo Rose alipofungua kopo na kukuta sukari imekwisha, alikifunga tena. Alifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu juu ya friji, akaandika:

"YAH: KUISHIWA SUKARI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nasikitika kukujulisha kuwa sukari imekwisha. Naomba kuwasilisha. Mkurugenzi, Rose Dagaa Bora."

Akatuma. Nyuma ya pazia, sebuleni, simu ya mumewe ikalia. Luhende akakohoa, akavaa miwani, akasoma kwa utulivu wa mtu aliyepokea waraka kutoka wizarani. Punde simu ya Rose nayo ikalia juu ya friji.

"Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi. Mkurugenzi Mtendaji, Luhende Vizimba."

Jioni Luhende alirudi na mfuko wa sukari, akauweka mezani, akaenda kuoga. Rose akaumimina kwenye kopo. Hakuna aliyefungua mdomo.

Ndivyo maisha yalivyokuwa yakienda katika nyumba hiyo ya Mkolani tangu wenyewe wanuniane. Rose alikuwa amemwapia dada yake kwamba neno halitatoka kinywani mwake mpaka litoke kwa Luhende kwanza. Luhende hakumwapia mtu, lakini alikuwa mtu ambaye akishasimama mahali hasogei mpaka pachimbwe. Meseji walizikwepa kwa sababu meseji ni maongezi. WhatsApp ndiyo kabisa hawakuitaka, maana ina zile tiki za bluu zinazomwumbua mtu kwamba amesoma. Barua pepe lilikuwa jambo la kiofisi. Hata adui yako unaweza kumwandikia barua ya kiofisi na heshima yako ikabaki palepale.

Binti yao Gladness, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi na bado akiishi nyumbani, alipita katikati yao kama mtu anayevuka barabara yenye malori. Aliwapenda wote wawili na alikuwa amechoka nao wote wawili.

*

Chanzo chenyewe, ukikisikia, utacheka. Barua zao pepe zilikuwa zikitunzwa na Kushal, kijana wa duka la kompyuta la akina Mohanlal pale katikati ya mji, Nyamagana. Seva yake, yaani lile boksi linalopokea na kuhifadhi barua za wateja, ilikuwa chini ya kaunta, karibu kabisa na miguu ya mama yake, Jasuben, ambaye kutwa alikaa hapo akipokea hela na kuuliza watu habari za watoto wao. Umeme wa kukatikakatika ulikuwa umeilemaza seva hiyo. Kushal akaamua kuhamishia wateja wote kwenye seva mpya ya kukodi, akawaita Luhende na Rose wakubaliane mambo.

"Nyie mna domeni tatu," alisema Kushal. "Domeni ni lile jina linalokuja baada ya ile alama ya @ kwenye imeli. Kuna la vizimba vya samaki vya Mzee, kuna la dagaa wa Mama, halafu kuna lile la zamani, la Rolu. Yote yatahama. Ila seva mpya inataka jina moja liwe kuu, mengine yakae chini yake. Niweke lipi?"

Rolu ilikuwa biashara yao ya kwanza, kibanda cha magunia pale Mabatini, Rose na Luhende wakiwa wachumba. Hakuna aliyeitaja.

"Weka la vizimba," Luhende alisema bila kufikiri. "Si mimi ndiye baba mwenye nyumba?"

"Nyumba ipi?" Rose akauliza. "Hii iliyoezekwa na dagaa?"

Ungeweza kuishia hapo kama utani, na miaka ya nyuma ungeishia hapo. Lakini Luhende alikuwa amefiwa na samaki wengi kwenye vizimba vyake vya ziwani, Luchelele, mwezi huohuo, na neno dagaa lilimwingia vibaya. Akasema dagaa hata paka wanajua kuanika. Rose akasimama, akamwambia Kushal jina lake lisiguswe mpaka ajue linakwenda kukaa chini ya nani. Akatoka. Jasuben akamsindikiza kwa macho, akatikisa kichwa.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alimwambia mwanawe. "Wewe fanya kazi yako, usiingilie."

Kushal akafanya kazi yake. Alimwandikia Luhende barua ndefu ya maelezo na maonyo, nakala kwa Rose. Luhende aliona ni ndefu, akaiacha. Rose aliona neno "nakala" mbele ya jina lake, akaiacha pia. Yeye mkurugenzi mzima, mwenye wafanyakazi na mashine ya kufungia pakiti, awekwe kwenye nakala kama karani? Hakuisoma hata mstari.

Wiki ile ya sukari, Luhende alikwenda Nyamagana kimyakimya, akamwambia Kushal ahamishe jina lake peke yake, kwani aliyetangulia ametangulia. Kushal akalihamisha. Na kuanzia siku hiyo, kati ya jikoni na sebuleni, hakuna barua iliyofika.

*

Hawakugundua mara moja, kwa sababu kwa siku kadhaa hakukuwa na kilichoisha nyumbani. Aliyeyachemsha mambo ni Gladness. Aliingia jikoni, akafunga mlango wa nyuma, akaanza kuchambua mchele ambao mama yake alikwisha kuuchambua.

"Mama, akina Alexander wanataka kuja."

Rose akaacha mwiko ndani ya sufuria. Alexander alikuwa fundi wa mitambo ya boti, kijana mtaratibu, na Rose alikwisha kumkubali moyoni tangu siku alipomwona akiosha sahani bila kuambiwa.

"Kuja vipi?"

"Kuja na mshenga. Mzee Ngosha. Na barua ya posa. Jumamosi hii."

Rose akamkumbatia mwanawe, wakacheka, wakafuta machozi. Halafu Gladness akasema lile lililokuwa limemleta.

"Utamwambia baba?"

Kwao binti hamwambii baba yake habari za posa kwa kinywa chake. Ni aibu kwa wote wawili. Mama ndiye anayezibeba habari hizo kutoka kwa binti, akazipeleka kwa baba, taratibu, wakiwa wawili, na baba akajifanya kushangaa. Na siku ya wageni baba lazima awe ameketi kwenye kiti chake, kwa sababu barua ya posa haina mwingine wa kuipokea. Bila baba, wageni wanakunywa soda na kurudi na bahasha yao.

"Nitamwambia," alisema Rose.

Alisimama nyuma ya pazia. Alimwona Luhende amekaa na miwani yake, mguu mmoja juu ya meza. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akalikumbuka lile la paka, akalimeza. Akarudi jikoni, akachukua simu.

"YAH: UJIO WA WAGENI WA HERI."

Aliandika vizuri, kwa upole kuliko kawaida yake. Alieleza ni akina nani, wanakuja lini, na kwamba uwepo wake ni wa lazima. Mwisho, badala ya cheo, akaandika "Mama Gladness." Akatuma, akasubiri simu ilie sebuleni.

Haikulia. Akadhani ameizima sauti.

*

Jibu halikuja siku hiyo wala kesho yake. Rose akaandika "UKUMBUSHO", akaandika "UKUMBUSHO WA PILI". Kilichomchoma zaidi ni kwamba simu ya Luhende ilikuwa ikilia vizuri tu. Alikuwa akisoma barua za watu wengine mbele yake, akicheka peke yake, akiwapigia wateja: "Nimeipata imeli yako, mama, asante sana. Nitakujibu leo leo."

"Wa nje wote anawajibu," Rose alimwambia binti yake. "Mimi tu hanijibu."

"Lakini Mama, si yupo hapo? Nenda umwambie tu."

"Nimemwandikia. Anajua. Ameamua."

Na bado kulikuwa na vituko vya samaki. Luhende alirudi kutoka Luchelele na sato mmoja mkubwa, akamweka mezani katikati, akasimama kando akimtazama mkewe kana kwamba anasubiri apigiwe makofi. Rose alikuwa na mboga jikoni. Akamchukua sato, akamtia kwenye friza. Luhende akashusha mabega, akaenda kulala mapema. Kesho yake akaleta sato mwingine, mkubwa zaidi. Rose akaona sasa hii ni dharau ya waziwazi: mtu anaandikiwa habari za mwanawe, anajibu kwa samaki. Huyo naye akaingia friza. Luhende akamtazama akiingia kwa macho ya mtu anayeona jeneza likishushwa.

Ijumaa jioni Rose alikaa kwenye kigoda nje ya jikoni na simu mapajani. Hasira ilikuwa imemwishia, na hasira ikimwishia mtu hubaki kile kilichokuwa chini yake. Aliandika barua moja fupi isiyo na YAH. Akaisoma, akaona haya, akaituma kabla hajabadili mawazo. Akangoja. Alimsikia Luhende akipiga miayo sebuleni, akizima taa. Basi, akajisemea, nimeolewa na jiwe.

*

Jumamosi Gladness alimkuta baba yake mlangoni akivaa mabuti ya mpira.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Leo si afadhali ungepumzika?"

"Samaki hawapumziki, mwanangu."

"Basi utarudi mapema?"

Luhende akamtazama. Alikuwa na sura ya mtu aliyekosa usingizi. "Mapema kwa ajili ya nini? Nani ananingoja hapa?"

Gladness akageuka kumtazama mama yake dirishani. Rose alikuwa amesikia. Alizungusha mwiko kwenye sufuria tupu mpaka geti lilipofungwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, lakini siku hiyo mwenyeji hakupona. Mzee Ngosha aliingia na kofia yake ya pama na wazee wawili wa upande wa Alexander. Wakakaribishwa, wakaulizwa habari za nyumbani, za mvua na za ng'ombe, wakaletewa soda. Zile soda zilipofika nusu, Mzee Ngosha akatazama kiti kikubwa kilichokuwa wazi.

"Na mwenye nyumba?"

"Yuko njiani," alisema Rose.

Akaenda jikoni. Na hapo, wageni wakiwa wamekaa, wali ukiwa tayari, na binti yake amekaa juu ya ndoo, amejiinamia, unajua Rose alifanya nini? Alichukua simu akaanza kuandika: "YAH: WAGENI WAMEKWISHA KUKETI."

Gladness akamshika mkono.

"Mama. Piga."

Rose akalitazama lile jina kwenye simu. Alikumbuka kiapo na dada yake, akamkumbuka na yule paka. Halafu akamtazama mwanawe. Akapiga.

Simu ikaita, na mlio wake ukasikika nje, getini. Luhende alikuwa anarudi, ana sato wa tatu mkononi, na alipoona jina la mkewe likimpigia baada ya kimya chote kile, akaongeza mwendo. Kimya kingi kina mshindo. Akafika mlangoni, akaona viatu vya kigeni vimepangwa, akaona wazee wamekaa na nyuso za upole. Akavua kofia.

"Nani amefariki?" akauliza.

Maji yalidondoka kutoka kwenye mkia wa sato mpaka kwenye kapeti.

"Hajafariki mtu," alisema Mzee Ngosha. "Tumekuja kwa heri. Hukuambiwa?"

Luhende alikuwa na kasoro nyingi, lakini uongo hakuujua. "Sikuambiwa."

"Aliambiwa," alisema Rose kutoka kwenye pazia.

"Sikuambiwa, wazee wangu."

"Kaandikiwa na kukumbushwa, na kukumbushwa tena."

Wale wazee wawili wakatazama soda zao. Mzee Ngosha alikuwa ametoa bahasha nusu. Akairudisha taratibu kwenye mfuko wa koti, akaupigapiga.

"Barua ya posa hapewi mtu aliyeshtukizwa," alisema. "Kijana wetu anataka kuoa kwenye nyumba inayosikilizana. Tutarudi Jumapili ya wiki ijayo. Tukikuta baba hajui tena, tutaelewa kwamba hilo ndilo jibu."

Wakamaliza soda zao, maana walikuwa watu wa adabu, wakaondoka. Wali ulibaki. Gladness akaingia chumbani, na kilio chake walikisikia wote wawili kupitia ukuta, na wote wawili waliona aibu ambayo hawakuwahi kuiona tangu waoane.

"Umemfanyia nini mwanao?" Rose alisema.

"Mimi? Mimi ndiye niliyekuandikia, ukakaa kimya. Mara ngapi?"

"Uliniandikia wapi?"

Luhende akaweka sato juu ya meza, akafuta mkono kwenye suruali, akafungua simu upande wa barua zilizotumwa. Rose akafungua yake. Wakazinyoosha simu mbele, huyu kwa huyu. Kulikuwa na mrundikano wa barua huku na mrundikano wa barua kule, zote zimetumwa, na hakuna hata moja iliyopokelewa.

"Kushal," wakasema pamoja. Lilikuwa neno lao la kwanza la kukubaliana baada ya muda mrefu.

*

Jumatatu walikuwa mbele ya kaunta kabla duka halijafunguliwa vizuri. Kushal aliwasikiliza, akafungua kompyuta, akakuna kichwa.

"Hazijapotea," alisema. "Zipo. Mzee amehamia seva mpya, lakini hii ya zamani hapa chini bado inajua Mzee ni mtu wake. Mama akimwandikia, seva hii inasema, aa, huyu ni wa hapahapa, inaiweka barua kwenye sanduku lake la zamani. Haitoki nje. Na kule kwenye seva mpya nilikwisha kumtengenezea Mama sanduku lake, bado tu kumhamishia. Mzee akimwandikia, ile nayo inasema, huyu ni wetu, inaiweka humo. Mama hajawahi kulifungua."

"Mbona za wateja zinafika?" Rose aliuliza.

"Za nje zinauliza njia, Mama. Za ndani haziulizi, zinadhani zimeshafika. Ndiyo maana kwenye ile imeli ndefu niliwaambia, ukihama mmoja bila mwingine, msiandikiane mpaka nimalize. Halafu mmoja akasema hamisha, mwingine akasema usiguse. Mkaniacha katikati."

Luhende akatazama dari. Rose akatazama feni. Ile imeli ndefu.

Jasuben alikuwa anasikiliza muda wote, mkono shavuni. Sasa akainama, akatazama boksi lililokuwa likiunguruma karibu na ndara zake, akainuka.

"Ngoja nielewe. Nyie mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo, Mama," alisema Luhende.

"Jikoni na sebuleni?"

"Ndiyo."

"Na barua inatoka jikoni, inapanda mpaka huku Nyamagana, inakaa hapa kwenye miguu yangu?" Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi na marehemu Mohanlal tuligombana kila siku ya Mungu. Lakini tuligombana kwa mdomo. Mdomo hauna seva."

Mteja aliyekuja kununua chaja akacheka waziwazi. Luhende, mkurugenzi mtendaji, alijiona kama mwanafunzi aliyesimamishwa juu ya dawati.

"Malizia kuhamisha," Rose alisema haraka. "Na lile jina kuu, weka la Mzee. Yaishe."

"Hapana, weka la Mama," alisema Luhende.

"Nimesema weka lako."

"Na mimi nimesema lako."

Kushal akaona vita vya pili vinaanza, safari hii vya adabu. "Jamani, nilikwisha kuweka Rolu, tangu siku ile, ili kazi iende. Jina kuu halionekani popote. Mimi peke yangu ndiye ninayeliona nikiingia kurekebisha. Kuna aliyegundua tofauti?"

Hakuna aliyegundua. Kushal akasema barua za Luhende, Rose ataziona leo hii jina lake likishahama, maana ziko kulekule. Zile za Rose kwa Luhende itabidi yeye mwenyewe azichote kwenye boksi la zamani kidogo kidogo, na umeme ulivyo, zitafika zitakapofika.

*

Zilifika kwa Rose jioni, zikiwa zimeongozana. Alizisoma amesimama jikoni. Iliyotangulia ilisema:

"YAH: SATO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kuhusu lile neno la paka, lilinitoka kwa uchungu wa samaki waliokufa. Dagaa wako ndio waliotulisha mwezi huu na ninajua. Kwa kuwa mdomo wangu ni mzito, leo nitaleta sato. Ukimpika nitajua yamekwisha. Usipompika nitajua bado. Wako katika ujenzi wa familia, Luhende."

Ya pili ilisema: "Yule wa jana nimeona amekwenda friza. Nitaleta mkubwa zaidi."

Rose akafungua friza. Sato wote watatu walikuwa humo, wamekauka kwa barafu, midomo wazi. Alicheka, kisha akalia, kisha akamtoa yule wa kwanza kabisa, kwa kuwa ndiye aliyesubiri zaidi, akamloweka kwenye maji. Alimuunga kwa nyanya nyingi kama Luhende alivyopenda. Alipomweka mezani, Luhende alimla mpaka kichwa, akafyonza mifupa kwa kelele ambazo kwa kawaida Rose asingezivumilia.

Baadaye, wakiwa wawili, alimweleza habari za posa kwa kinywa chake, tangu mwanzo, kama inavyotakiwa. Luhende akajifanya kushangaa.

*

Jumapili iliyopangwa Luhende alikuwa kwenye kiti kikubwa tangu asubuhi, ndani ya koti la harusi yake mwenyewe lililogoma kufunga kifungo. Mzee Ngosha alipoingia na wazee wake, alimpa mkono mara mbili, kama anayehakikisha ni yeye.

"Leo tumemkuta baba."

"Leo mmenikuta."

Rose alikuwa nyuma ya pazia na sinia la vitafunwa, Gladness kajificha mgongoni kwake. Bahasha ikatoka kwenye koti, ikawekwa juu ya sahani. Mzee Ngosha akasafisha koo.

"Tumekuja kuomba. Na kabla hatujaifungua, kwa taratibu zetu, tunataka kujua: katika nyumba hii, nani atakayetujibu?"

Hapo simu ya Luhende ikalia. Ikalia tena. Ikaanza kulia mfululizo, ikitetemeka ndani ya koti la harusi, na Rose akajua papo hapo ni nini. Umeme wa Nyamagana ulikuwa umerudi, na barua zake zote zilikuwa zinawasili. UKUMBUSHO, na UKUMBUSHO WA PILI. Halafu akaikumbuka ile ya Ijumaa, isiyo na kichwa cha habari, akachungulia kando ya pazia.

"Samahanini, wazee," alisema Luhende. Aliitoa simu ili aizime. Akavaa miwani kutafuta kitufe. Na macho, kama yajuavyo macho, yakasoma.

Rose aliyajua maneno kwa moyo. "Luhende, jina liwe lako, mimi silitaki tena. Nataka tu uwe unaniita jikoni kama zamani. Hata kama ni kuuliza chumvi iko wapi."

Luhende alisoma muda mrefu kuliko barua yenyewe ilivyokuwa. Mzee Ngosha akasubiri. Mmoja wa wazee akauliza kwa upole kama kuna tatizo.

"Hakuna," alisema Luhende. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Kisha akaita, kwa sauti iliyowashtua wageni, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya ziwa: "Rose!"

Akatokea na sinia lake.

"Mliuliza nani atakayewajibu," Luhende aliwaambia wageni. "Ni huyu. Bahasha mpeni yeye. Mimi niwekeni kwenye nakala."

Wazee wakatazamana, hawakuelewa, lakini wakacheka kwa adabu kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anacheka. Rose aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa, na Mzee Ngosha akaona hilo linatosha.

Chakula kilipoandaliwa, Rose akarudi jikoni kuongeza wali. Sebuleni wageni walikuwa wanakula. Luhende alikuwa na bakuli la supu ya sato, kijiko, ndimu, na kikopo cha chumvi karibu na kiwiko chake, mahali ambapo hata kipofu angekigonga.

"Rose," aliita. "Chumvi iko wapi?"